Mwaka Niliochagua Kigari cha Bi Tausi

Mwaka jana, baada ya kuvunjika nyonga bafuni kwangu hapa Lindi, binti yangu alinipeleka kwenye duka la vifaa vya hospitali tukanunue kigari cha kutembelea. Muuzaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alinisogezea kimoja chekundu kinachong'aa, chenye kikapu mbele na magurudumu madogo kama ya mkokoteni wa mtoto. "Hiki ndicho kinamama wanachokipenda," alisema. "Chepesi, kinateleza chenyewe." Nilimwambia kinachoteleza chenyewe sikitaki. Nikaomba chenye magurudumu makubwa kuliko vyote. Nikabana breki moja moja, kisha zote mbili, nikakiegemea kwa uzito wangu wote nione kama kitanikimbia. Nikasimama wima na ndala ninazovaa kila siku, mikono nimeiachia, nikamwambia binti yangu aangalie kama vishikio vinafika kwenye kifundo cha mkono. Mwisho nikataka kukisukuma nje, kwenye mchanga na kokoto, si pale dukani kwenye vigae. "Mama ulikuwa nesi nini?" aliuliza yule muuzaji. Ndiyo, nilikuwa nesi, zaidi ya miaka thelathini. Binti yangu alicheka, akasema hata ndala mama huzichagua asubuhi nzima. Niliwaacha wacheke. Maswali yale yote nilipaswa kuyauliza zamani, mbele ya fundi mmoja, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na siku ile sikuuliza hata moja.

Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu walipotolewa kwenye mashamba yao ya mikorosho na kupangwa katika vijiji vipya vya ujamaa, nyumba zikitazamana mistari miwili kama askari kwenye gwaride. Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya miezi michache ya uhudumu wa afya, nikapelekwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha bara, juu ya Pande, ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wapo. Nyumba ya mtumishi haikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mkwanda, alinipeleka kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Tausi, aliyekuwa akiishi na binti yake Hadija, rika langu. Nilipewa chumba cha kushoto. Kuta zilikuwa bado mbichi, zinanuka udongo na mvua, na fito walizojengea zilikatwa haraka mno kiasi kwamba mbili zilichipua majani humo humo ndani, juu ya kitanda changu cha kamba. Hadija aliyakwanyua, yakaota tena. Ukumbini, umeegemezwa ukutani, kulikuwa na mlango mzito wa mninga usiokuwa na kazi. Ulikuwa mlango wa nyumba yao ya zamani. Bi Tausi alikataa kuuacha, akaupakia kwenye lori la kuhamishia watu na kuukumbatia njia nzima. Lori lilipopanda kisiki, yeye na mlango wakaruka pamoja. "Nilishika mlango, sikujishika mwenyewe," aliniambia siku ya kwanza, kama mtu anayesimulia uzembe wa jirani. Mfupa wa nyonga ulivunjika. Siku ile lori lilikuwa na familia nyingine za kuchukua, na kesho yake pia, na hospitali ilikuwa mbali. Mfupa ukaunga wenyewe, upande. Mlango nao, walipofika, ukaonekana mkubwa kuliko nafasi waliyoachiwa.

Alitembea kwa kuegemea mchi wa kutwangia. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na mchi ule ukigonga sakafu ya udongo, du, kimya, du, kimya, akienda jikoni hatua kumi na mbili ambazo mimi nilizipita bila kufikiri. Alikaa kwenye kigoda akapika, na chakula chake mpaka leo sijakipata kwa mtu mwingine: kisamvu kilichotwangwa laini na kuungwa kwa korosho za kusaga, ugali wa muhogo mweupe, na wakati wa ming'oko, vile viazi vya porini, aliichemsha kwa chumvi tu, tukaimenya ya moto na kula kwa pilipili mpaka machozi yanatoka. Alinipakulia kwanza mimi. Jioni moja, baada ya sala ya isha, nilimsikia Hadija ng'ambo ya ukuta akisema, "Mama, yule ni mtu wao. Wamemweka hapa atusikilize." Bi Tausi akamjibu, "Mtu wao anakula chungu chetu. Mwache ashibe." Kisha akaongeza, "Mikono yake mizuri. Leo amenikogesha, sikusikia maumivu." Nilijilaza nikiwa na furaha ambayo msichana aliye mbali na kwao huipata kwa neno dogo tu. Kuanzia wiki ile alianza kuniita mwanangu.

Alichokitaka Bi Tausi hakikuwa kikubwa. Alitaka kwenda misibani. Katika kijiji kile kipya watu walikufa sana mwaka ule, watoto hasa, na yeye alikuwa mtu ambaye zamani ndiye aliyeongoza wanawake kumwosha maiti. Sasa kila msiba ulipotokea vijana walijitolea kumbeba kwa kitanda, akakataa. "Nikibebwa kwa kitanda kwenda msibani, watu watamlilia nani?" alisema. Mchi ulimfikisha jikoni na chooni, haukumfikisha kwa watu. Nikamweleza kwamba kwenye hospitali ya misheni, siku nzima kwa lori, nilimwona fundi seremala akitengeneza magongo na vigari vya mbao kwa wagonjwa. Mganga wa zahanati yetu alipokwenda huko kuchukua dawa nilimwomba aulize, akarudi na maagizo: mgonjwa asimame wima, apimwe kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka chini. Hadija alimshika mama yake mabegani, mimi nikapiga magoti na ukindu wa kupimia. Bi Tausi alisimama akitetemeka, ameuma mdomo, akasema, "Pima vizuri, mwanangu. Mwambie fundi nataka kitakachosimama nikisimama." Nikafunga fundo pale kwenye ukindu. Mganga akaupeleka safari iliyofuata.

Baada ya miezi miwili tukapata habari kwamba kazi imekwisha. Nilikwenda mimi kukichukua, kwa lori la kijiji lililokuwa likifuata saruji, pamoja na Mwenyekiti Mkwanda. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwembamba, shati lake daima limepigwa pasi ingawa sikuwahi kuona pasi nyumbani kwake. Njia nzima alinieleza kwamba mwezi ujao wageni wakubwa wangekuja kukagua kijiji, na kwamba kule wilayani walikuwa wanatafuta wasichana wachapakazi wa kupelekwa mafunzo ya unesi. "Wenye kuonekana," alisema. "Mtu hapelekwi kwa sababu ni hodari. Anapelekwa kwa sababu ameonekana." Neno hilo lilikaa nami. Nililitafuna kama kipande cha muwa mpaka tukafika.

Fundi aliitwa Gervasi, Mmatumbi wa milimani, mkristo, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitutolea kigari chake. Kilikuwa cha mninga, kipana, kimepigwa randa lakini hakikupakwa rangi. Mbele kilikuwa na magurudumu mawili makubwa yaliyotoka kwenye toroli, na nyuma miguu miwili iliyovishwa vipande vya tairi. "Akisukuma, kinakwenda," alisema Fundi. "Akiegemea, miguu hii inang'ata ardhi, kinasimama. Nimekipima kwa ukindu wenu." Kilipotembea magurudumu yalilia. Nikakitazama nikaona aibu, kama vile nimeletewa jembe harusini. Na bahati mbaya wiki hiyo hiyo yalikuwa yamefika masanduku ya msaada kutoka ng'ambo. Muuguzi mkuu alitufungulia stoo, akasema kwa kuwa sisi tumetoka mbali tunaweza kuchukua kimoja, kile cha fundi au kimoja cha stoo, si vyote, wagonjwa ni wengi. Cha stoo kilikuwa cha chuma cheupe kinachong'aa kama kijiko kipya, na magurudumu manne madogo. Nilikigusa kwa kidole, kikaondoka chenyewe juu ya sakafu ya saruji, kimya, mpaka ukutani.

Fundi Gervasi aliniita pembeni. "Binti, shamba la kwenu lina saruji?" aliuliza. Nikasema hapana. "Basi kisukume hapo nje kwenye mchanga uone. Halafu kiegemee uone." Ilikuwa hatua tano tu kutoka mlangoni. Sikwenda. Nilimtazama Mwenyekiti, nikitaraji ataniamuru, ili lawama iwe yake. Hakuamuru. Alitabasamu tu. "Mtaalamu ni wewe," alisema. "Mimi najua tu kwamba wageni wanakuja na mpiga picha." Kwa miaka mingi nimejaribu kuisimulia siku hii nikiwa nimesukumwa. Sikusukumwa. Niliona picha: kile chuma, mgonjwa amesimama, na mimi pembeni na gauni langu jeupe. Nikasema, "Tutachukua hiki." Fundi Gervasi hakubishana. Alikirudisha kigari chake ndani ya karakana, na magurudumu yakalia njia nzima.

Bi Tausi alikuwa ametutandikia mkeka nje. Alipokiona kile chuma kinashushwa kwenye lori alifurahi kwanza, akapiga vigelegele kidogo, halafu akachungulia ndani ya lori. "Cha fundi kiko wapi, mwanangu?" Nikamjibu bila hata kumeza mate, "Hakikuwa tayari, mama. Wamenipa hiki." Akasema alhamdulillah, kilichopatikana ndicho riziki. Kilikuwa kimezidi urefu wake, akakishika mabega yamepanda masikioni. Kwenye mchanga wa mbele ya nyumba magurudumu yalizama kama vidole kwenye uji, Hadija akawa anakinyanyua mbele na mama yake anakisukuma nyuma. Mahali pekee kilipotembea ni barazani kwenye ofisi ya kijiji, ile iliyosakafiwa kwa saruji tuliyoifuata siku ileile. Mwenyekiti akaagiza Bi Tausi aletwe pale kila asubuhi afanye mazoezi. Akaletwa kwa kitanda. Alikataa kitanda misibani, akakubali kitanda kwenda kufanya mazoezi ya kuonyeshwa.

Wageni walikuja na magari mawili. Wanafunzi waliimba, Mwenyekiti alisoma risala, halafu Bi Tausi akaamriwa atembee kutoka pembe moja ya baraza mpaka nyingine. Alitembea. Nilikuwa ubavuni kwake, mkono wangu mgongoni mwake, nikisikia kanga yake imelowa jasho. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akasema hakuwa tayari, arudie. Akarudia. Kisha mgeni mmoja akasema ingekuwa vizuri mgonjwa akitabasamu. Bi Tausi akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso, "Bado mara ngapi?" Nikamwambia, "Moja tu, mama." Akatabasamu. Mgeni yule aliniuliza jina langu, akaliandika.

Msiba ulitokea wakati mikorosho imeanza kutoa maua. Mtoto wa Bi Somoe, jirani wa zamani wa Bi Tausi kule mashambani, ambaye sasa alipangiwa nyumba ng'ambo ya kisima, alikufa kwa surua. Hadija alikuwa shamba la kijiji na wenzake. Mimi nilikuwa zahanati nikichemsha sindano. Bi Tausi aliposikia kilio aliamua kwenda. Jinsi alivyokipitisha kigari mchangani peke yake sijui. Wanawake waliokuwa kisimani walisema walimwona akikinyanyua na kukitupa mbele, akikinyanyua na kukitupa mbele, kama mtu anayelima. Alipofika kwenye mteremko wa udongo mgumu unaoshuka kisimani, magurudumu yakapata njia. Kikaanza kwenda. Akakiegemea ili kisimame, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia kwamba vigari hivi hufanya, na kadiri alivyokiegemea ndivyo kilivyozidi kukimbia. Hakukiachia. Walimpigia kelele, "Bi Tausi, achia! Achia!" Hakukiachia mpaka chini kwenye mawe.

Nilisikia chuma. Nilikimbia bila viatu. Alikuwa amelala ubavu, uso umejaa tope, na nyonga ile ile ilikuwa imegeuka kwa namna ambayo hata mimi, kwa mafunzo yangu yale ya miezi, nilijua imevunjika tena. Alisema maneno mawili: "Kilinikatalia." Tulimbeba kwa kitanda, tukapita mbele ya nyumba ya msiba, na waombolezaji wakatoka nje kutazama. Lori la kijiji lilikuwa limeharibika. Lilipotengenezwa, siku ya nne, alikataa kupakiwa. Alisema ameshalijua lori. Kigari kilipelekwa ofisini, na baada ya wiki mbili nilimwona karani ametundika koti lake la mvua juu yake.

Tangu hapo Bi Tausi hakutoka chumbani. Nilimgeuza asubuhi na jioni asipate vidonda, nilimkogesha, nilimlisha uji. Hakunilaumu. Wanawake waliokuja kumjulia hali walipoanza kusema, "Kwani nani aliyeleta chuma kile?" yeye ndiye aliyenitetea. "Mtoto wa watu alipewa alichopewa," alisema. "Angefanyaje?" Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Kila alipolisema hilo nilijiambia nitamwambia kesho. Nilijiambia hivyo kwa muda wa mwezi na zaidi, huku barua yangu ikiwa tayari imefika: nimechaguliwa kwenda mafunzo ya unesi. Picha ilikuwa imetoka gazetini. Mwenyekiti aliikata akaibandika ofisini. Ilionyesha kigari, uso wangu wote, na nusu ya uso wa Bi Tausi.

Halafu akaja Fundi Gervasi. Alileta madawati ya shule, na alipomaliza kuyashusha akauliza nyumba ya mama aliyepimwa kwa ukindu. Alitaka tu kumwona, alisema, kwa sababu kazi aliyoifanya kwa kipimo cha mtu asiyemfahamu humkaa moyoni. Nilimkuta ameshaketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, kofia mkononi. Nilisimama nyuma yake, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Pole sana, mama," alikuwa akisema. "Kile changu nilimpa mzee mmoja wa kule kwetu. Kinamzidi kidogo, lakini anatembea nacho mpaka kanisani. Nilisikitika, maana kilikuwa tayari siku ile walipokuja. Nilimwambia binti akakijaribu kile cha chuma mchangani kwanza. Lakini alishakipenda."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akizungumza kama mafundi wanavyozungumza juu ya mbao. Bi Tausi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha macho yake yakanitafuta, yakanipata, yakakaa juu yangu kwa muda ambao siwezi kuupima. Hadija, aliyekuwa akisuka ukili kwenye kona, aliacha kusuka.

"Hadija," Bi Tausi alisema, "mpakulie mgeni chakula." Fundi akala, akashukuru, akaondoka.

Nilingoja anitukane. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kusema, "Mama, mimi..." Akanyanyua mkono. "Ungeniambia ulikitamani," alisema. "Nami nilikuwa msichana, ningekuelewa. Nimewagombeza watu kwa ajili yako, katika nyumba yangu, na wewe umesimama hapo na beseni unanisikiliza." Akageuza uso ukutani. "Kuanzia kesho Hadija atanikogesha. Wewe kazi yako ni zahanati, Mhudumu."

Hakuniita tena mwanangu. Wiki tatu zilizobakia alinisalimu kila asubuhi kwa adabu yote, "Umeamkaje, Mhudumu?", na Hadija aliniletea chakula chumbani kwangu kwenye sahani iliyofunikwa kawa, kama apelekewavyo mgeni wa serikali. Kilikuwa chakula kilekile, kisamvu kilekile. Nilikuwa nikikila peke yangu nikiwasikia wao wawili ng'ambo ya ukuta wakila pamoja, wakizungumza Kimatumbi ili nisifahamu.

Siku ya kuondoka niliingia kumuaga. "Shikamoo, mama," nilisema. Akaitikia marahaba, akanitakia safari njema, akasema Mungu anifikishe salama na nikawahudumie watu vizuri. Nilimwomba radhi. Alisema, "Lori litakuacha." Nje, Hadija alikuwa ameliweka begi langu barabarani mapema, na hakukaa kunisubiri.

Nilisoma unesi, nikafaulu, nikafanya kazi Kilwa Kivinje na baadaye hapa Lindi, na wagonjwa wengi wamenishukuru kwa kuwa na subira ya kuwapimia magongo yao. Sikuwaambia niliipata wapi. Nilipokuwa bado chuoni niliandika barua mbili kijijini. Hazikujibiwa, nami nikajiambia kwamba posta ya kule ni mbovu. Mwaka wa pili nilikutana na mganga wetu wa zamani sokoni Lindi, akinunua chumvi. Tulisalimiana kwa furaha, tukaulizana habari za watu, na katikati ya mazungumzo akataja marehemu Bi Tausi kama mtu ambaye kifo chake nilikuwa nakijua. Aliniambia alifariki wakati wa mavuno ya korosho, kwa vidonda vya mgongo. Maziko yalijaa, watu walitoka mpaka vijiji vya jirani. Hadija ndiye aliyemwosha. Hitima ilishasomwa, arobaini ilishapita. Nikamuuliza mbona sikupelekewa habari. Mganga alinitazama kwa mshangao, chumvi mkononi, akasema hakuna aliyelitaja jina langu.